Karagounis, mtu wa kuwapumzisha mabeki

Warsaw, Juni 16, 2012, mashindano ya Euro, yaani kombe la mataifa ya Ulaya, dakika ya 61. Giorgos Karagounis, nahodha wa Ugiriki mwenye miaka 35, anaingia na mpira kwenye boksi la Urusi. Beki Sergei Ignashevich ananyoosha mguu, Karagounis anakwenda chini. Mwamuzi Jonas Eriksson wa Sweden anapuliza filimbi na jukwaa la Wagiriki linaruka likidhani ni penalti. Kumbe mkono uko mfukoni. Inatoka kadi ya njano: kajiangusha. Nahodha analalamika kwa mdomo, kwa macho, kwa kila kiungo cha mwili alichopewa na Mungu, lakini kadi imeshaandikwa. Ni ya pili kwake kwenye mashindano yale, maana yake robo fainali ataitazama kama mimi na wewe tulivyoitazama.

Rudi nyuma robo saa ya mchezo. Kipindi cha kwanza kimeingia dakika za nyongeza, Ugiriki wamerusha mpira wa pembeni, na Ignashevich huyohuyo kaupiga kichwa ukaenda nyuma badala ya mbele. Karagounis alikuwa keshaanza kukimbia. Akaachia shuti la chini, likampita kipa Malafeev, 1-0. Bao hilo ndilo lililowafungisha virago Warusi, watu waliofungua mashindano kwa kuwachapa Wacheki 4-1 na ambao siku ile sare tu ingewatosha. Na ilikuwa mechi ya 120 ya Karagounis na jezi ya taifa, sawasawa na rekodi ya nahodha wa zamani, Theodoros Zagorakis. Kesho yake Wagiriki wakaenda kupiga kura, uchaguzi wa pili ndani ya wiki sita, nchi ikiwa imekabwa koo na madeni.

Wanaomsimulia Karagounis huzigawa dakika hizo mbili: lile bao wakaliweka kwenye sifa, ile kadi wakaiweka kwenye aibu. Laiti angetulia, wanasema. Laiti asingependa kulala chini. Neno hilo nimelisikia sana hata huku kwetu, maana mchezaji anayejirusha hatuna huruma naye. Mimi nasema anayetaka Karagounis asiyeanguka anataka mchezaji mwingine. Kuanguka ilikuwa nusu ya kazi yake, na bila kazi hiyo Ugiriki isingesimama kwa miaka kumi mbele ya mataifa yenye wachezaji bora kuliko wake.

Timu ya Otto Rehhagel, yule Mjerumani aliyeishika Ugiriki kuanzia 2001 hadi 2010, ilibandikwa jina la kupaki basi, yaani kurundika watu nyuma kulinda goli, na mpaka leo halijabanduka. Sababu ipo. Kwenye kufuzu Euro 2004 walifungwa mechi mbili za mwanzo, na Hispania kisha Ukraine, halafu wakashinda sita mfululizo bila nyavu zao kuguswa. Mechi zote nane, wao wenyewe walifunga mabao manane tu. Kule Ureno kwenye fainali zenyewe walifunga saba katika mechi sita, na hatua ya mtoano ilikuwa wimbo mmoja: Ufaransa 1-0, Jamhuri ya Czech 1-0, Ureno 1-0.

Lakini basi halikai limepakiwa dakika tisini kwa nguvu za mabeki peke yao. Aliyewahi kucheza nyuma, hata kama ni kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule, anajua kinachommaliza beki ni mpira unaorudi. Umeupiga mbele, hujavuta pumzi mbili, umerudi. Umeupiga tena, umerudi tena. Mara ya nne miguu imekuwa mizito, mara ya tano mtu wako kakuponyoka na watu wanasema umelala. Rehhagel alikuwa anakabisha mtu na mtu wake, mtindo ambao makocha wengi wa Ulaya walikuwa wameshauweka kabatini, na nyuma yao Traianos Dellas akifagia. Ukabaji huo unakula pumzi kuliko ule wa kugawana maeneo, kwa sababu mpinzani ndiye anayeamua ukimbilie wapi. Timu ya hivyo inahitaji mtu mmoja ambaye mpira ukimfika haurudi upesi. Awe amezungukwa na wawili, awe amebanwa kwenye chaki, aushikilie mpaka wenzake wapande hatua thelathini na kifua kitulie.

Mtazame akiifanya kazi hiyo. Mpira unamjia juu juu, anaupokea kwa paja, na kabla haujatulia ameshampa mpinzani mgongo. Makalio nje, kiwiko kimekunjuka nusu kupima adui yuko umbali gani, unyayo juu ya mpira. Hana haraka. Anauvuta nyuma kidogo, makusudi, ili aliye mgongoni ashawishike kuingiza mguu. Mguu ukiingia, yeye kaupindisha mpira na kuweka mwili katikati, na hapo ni mawili: kapita au kaangushwa. Yote ni faida. Filimbi ikilia ana nusu dakika nzima ya kujikung'uta nyasi, kuvuta soksi na kumwuliza mwamuzi swali lisilo na jibu. Nyuma yake mabeki wanne wanatembea. Wanatembea! Halafu Dellas, jitu la karibu mita mbili, anaanza kupanda mbele taratibu kwenda kusubiri mpira wa adhabu.

Hapo ndipo hesabu ya Rehhagel ilipokuwa tamu. Kwa timu nyingine faulo ya katikati ya uwanja ni mapumziko basi. Kwa Ugiriki ilikuwa mapumziko na shambulizi kwa bei moja, maana mabao yao yote matatu ya hatua ya mtoano mwaka ule yalifungwa kwa kichwa, mawili yakitoka kwenye kona. Mtaani mchezaji anayekaa na mpira namna hii tunamwita mchoyo, mroho wa mpira. Muulize beki wake wa kushoto anamwitaje.

Ndiyo maana hesabu za kawaida hazimshiki mtu huyu. Alimaliza na mechi 139 za timu ya taifa, rekodi ya Ugiriki, na mabao 10. Kumi tu, kwa kiungo aliyekuwa anapiga mipira ya adhabu na penalti. Ukimpima kwa mabao na pasi za mwisho utashangaa makocha waling'ang'ania nini miaka kumi na mitano. Hakuna karatasi ya takwimu yenye safu ya pumzi za mabeki.

Alizaliwa Machi 6, 1977, Pyrgos, magharibi mwa Peloponnese, si mbali na Olympia ya kale, na soka alifundwa na Panathinaikos ya Athens. Klabu ilimtoa kwa mkopo Apollon Smyrnis misimu miwili, akarudi 1998 akiwa amekomaa. Septemba 2001 Arsenal ya Arsène Wenger ilikwenda Athens kwenye Ligi ya Mabingwa ikafungwa 1-0, mfungaji Karagounis. Msimu ule Panathinaikos walifika robo fainali, wakaifunga Barcelona 1-0 nyumbani, wakaenda kuangukia Camp Nou 3-1. Mwaka uliofuata, robo fainali ya Kombe la UEFA, wakaifunga Porto ya José Mourinho 1-0 kwake, kisha wakapoteza 2-0 nyumbani baada ya dakika 120. Kizazi kizuri kile, kilichozoea kugonga mlango na kurudi. Nyumbani nako Olympiacos walikuwa wameikalia ligi, mataji saba mfululizo kuanzia 1997 hadi 2003. Mwaka huo wa 2003 Karagounis akafunga mizigo kwenda Inter Milan. Msimu wa kwanza tu bila yeye, Panathinaikos wakabeba ligi na kombe.

Shika hilo, kwa sababu mambo ya mtu huyu yana mtindo wa kukamilika akiwa hayupo.

Juni 12, 2004, Porto, mechi ya ufunguzi wa Euro. Ureno ni wenyeji, wana Figo, wana Rui Costa, wana kijana anaitwa Cristiano Ronaldo kwenye benchi. Ugiriki hawajawahi kushinda mechi hata moja kwenye fainali za mashindano makubwa: Euro 1980 waliambulia sare moja, na Kombe la Dunia 1994 walicheza tatu, wakafungwa tatu, mabao kumi wavuni mwao na wao hawakufunga hata moja. Dakika ya saba, Paulo Ferreira anakosea pasi. Karagounis anaiokota, anasogea nayo, hakuna anayemfuata kwa sababu hakuna anayemwogopa, na kutoka nje ya boksi anaupitisha chini chini pembeni mwa kipa Ricardo. Ndilo bao la kwanza la mashindano yote. Angelos Basinas akaongeza la penalti kipindi cha pili, Ronaldo akafunga moja dakika za majeruhi, 2-1.

Kuhusu bao lile napenda kitu kimoja kisichosemwa. Karagounis hakurudi kipindi cha pili. Rehhagel alimtoa wakati wa mapumziko akamwingiza Kostas Katsouranis, mkabaji zaidi. Mzee alikuwa keshapata alichotaka, akafunga duka. Wengine wanaisoma kama dharau kwa mfungaji. Kwangu inaonyesha kocha alimjua vizuri mtu wake: timu ikiwa inaongoza na ana wakabaji wabichi kwenye benchi, fundi wa kukaa na mpira anaweza kupumzika. Timu ikiwa 0-0 na Ufaransa ya Zidane, au ikiwa inaburuzwa na Wacheki waliokuwa wakicheza soka tamu kuliko wote mwaka ule, hapo anahitajika. Na mechi zote hizo mbili alianza.

Nusu fainali na Wacheki ilikwenda hadi muda wa nyongeza na Dellas akaimaliza kwa kichwa, kona ya Vassilis Tsiartas, sekunde za mwisho za nusu ya kwanza. Furaha ya nchi nzima. Isipokuwa kadi za Karagounis zilikuwa zimefika idadi. Julai 4, Lisbon, fainali ya mashindano ambayo yeye ndiye aliyeyafungulia pazia, akawa mtazamaji. Angelos Charisteas alifunga dakika ya 57, kona ya Basinas, na Zagorakis akatajwa mchezaji bora wa mashindano.

Hapa mpinzani wangu ana haki ya kunisimamisha. Kama mtu huyu alikuwa pumzi ya timu, mbona walishinda fainali bila yeye? Swali la haki, na sitalizunguka. Nusu saa ya mwisho ya fainali ile ni mateso kuitazama upya ukiwa upande wa Ugiriki: mpira unatoka, unarudi, unatoka, unarudi, na Antonis Nikopolidis golini hana raha. Mara kadhaa Zagorakis mwenyewe, akiwa na miaka 32, ndiye aliyelazimika kuubeba mpira na kutembea nao ili watu wahemke. Kwa hiyo mpango wa Rehhagel ulikuwa mkubwa kuliko mchezaji mmoja, nakubali. Lakini kazi ilikuwepo palepale, ilipata tu kibarua mwingine kwa siku moja.

Inter hakufua dafu. Misimu miwili, Kombe la Italia la 2005 mkononi, ila mechi chache mno. Wapo wanaosema hakuwa na kiwango cha Italia. Mimi nasema alikwenda kwenye nyumba ambayo haina shida aliyoizoea. Mwaka 2004 Inter ilileta Juan Sebastián Verón, Esteban Cambiasso na Edgar Davids kwa mpigo, na Dejan Stanković alikuwa ameshatangulia. Timu kubwa mpira ni wake muda mwingi. Mabeki wake hawahitaji mtu wa kuwapatia nafasi ya kuvuta pumzi, wanahitaji mtu wa kufungua kufuli la timu ndogo zilizojifungia. Karagounis alikuwa mwana wa timu zilizojifungia. Kumpeleka San Siro ni sawa na kumpeleka fundi wa mashua kukaa kijiji kisicho na bahari.

Mwaka 2005 akaenda Benfica. Uwanja wa nyumbani wa Benfica ni Estádio da Luz, palepale fainali ya 2004 ilipochezwa. Miaka miwili mtu huyu aliingia kazini kwenye nyasi ambazo wenzake walinyanyulia kombe yeye akiwa na adhabu, na akiwa mbele ya mashabiki ambao msiba wao yeye ndiye aliyeuanzisha. Wakampenda hata hivyo. Wareno wanajua kumthamini mtu mwenye mpira mguuni. Msimu wake wa pili kocha alikuwa Fernando Santos, ambaye aliwahi kumfundisha kwa muda mfupi Panathinaikos mwaka 2002, na ambaye baadaye, kuanzia 2010, aliirithi Ugiriki kutoka kwa Rehhagel. Makocha hawamfuati mchezaji mara tatu kwa bahati mbaya. Santos huyohuyo aliipa Ureno Euro 2016 kwa soka ambalo Mreno yeyote aliyekuwa Luz mwaka 2004 alilitambua mara moja, ila safari hii hakulalamika.

Aliporudi Panathinaikos 2007 alikuwa na miaka 30, na hatimaye 2010 akabeba ligi ya Ugiriki, ya kwanza na ya pekee kwake, pamoja na kombe. Kiangazi hichohicho alikuwa nahodha Afrika Kusini. Pale Bloemfontein Ugiriki waliifunga Nigeria 2-1, Dimitris Salpingidis akifunga bao la kwanza la nchi hiyo katika historia ya Kombe la Dunia, na Vasilis Torosidis la ushindi. Sisi wa huku tunaikumbuka mechi ile kwa kadi nyekundu ya Sani Kaita na kwa hasira zetu. Wagiriki wanaikumbuka kama siku waliyofuta mkosi wa 1994.

Sasa turudi 2012, kwa sababu Warsaw ina mlango wa nyuma. Siku nane kabla ya ile kadi, uwanja huohuo, mechi ya ufunguzi na wenyeji Poland. Ugiriki wako kumi baada ya Sokratis Papastathopoulos kutolewa, Salpingidis kasawazisha 1-1, kisha kipa Wojciech Szczęsny kamwangusha mtu, kadi nyekundu, penalti. Kipa wa akiba, Przemysław Tytoń, anaingia hajagusa mpira hata mmoja. Mpigaji ni Karagounis. Tytoń akauokoa. Mechi ya pili wakafungwa na Wacheki 2-1. Kwa hiyo aliyeingia uwanjani siku ya Urusi alikuwa mtu mwenye deni, na anayejua kwamba nchi yake ina madeni ya kutosha hata bila lake. Deni akalilipa dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza. Ile ya 61, alipoingia kwenye boksi, wengi walioangalia marudio walisema ameguswa. Mimi nikitazama naona mguu umemkuta. Lakini pia naona mtu ambaye mwili wake umezoea miaka kumi na tano kwamba mguu ukigusa, unakwenda chini. Hiyo ndiyo lugha aliyoongea na waamuzi wa Ulaya maisha yake yote, na mwamuzi mmoja siku moja akaamua haielewi. Katikati ya uwanja wangempa. Ndani ya boksi mizani ni nyingine.

Robo fainali ilikuwa Gdańsk, Juni 22, na mpinzani alikuwa Ujerumani. Miaka ile ya madeni hakuna mechi ambayo Mgiriki aliitamani na kuiogopa kama hiyo. Angela Merkel mwenyewe alikuwa jukwaani. Georgios Samaras alisawazisha bao la Philipp Lahm, na kwa dakika chache nchi iliyofilisika ilikuwa sawa na mkopeshaji wake. Kisha Sami Khedira, Miroslav Klose na Marco Reus wakafanya mambo, ikaisha 4-2. Sitadanganya kwamba Karagounis angeigeuza. Ujerumani ile ingeshinda. Ila dakika zilezile baada ya kusawazisha, Wajerumani walipokuwa wanarudi kama mawimbi na mipira ya Ugiriki inarudi kabla haijavuka mstari wa kati, ndizo dakika ambazo angelala chini mara tatu, angegombana na mtu, angefunga kamba ya kiatu. Khedira angefunga hata hivyo, pengine dakika kumi baadaye.

Watu walidhani ameisha. Badala yake Septemba ile akajiunga na Fulham ya Martin Jol, London, na nikamwona akifurahi kama ambavyo hakuwahi kufurahi Milan. Sababu ni ileile: Fulham walikuwa timu ya kati, wanaozidiwa Jumamosi nyingi, wenye Dimitar Berbatov mbele asiyependa kukimbia. Walihitaji mzee wa kukaa na mpira. Msimu wa kwanza wakamaliza nafasi ya 12. Wa pili wakabadilisha makocha mara mbili na kushuka daraja, na hiyo si ya kumtwisha mtu wa miaka 37.

Juni 24, 2014, usiku wa saa tano kwa saa zetu, kibanda umiza cha mtaani kwetu kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni. Ivory Coast na Ugiriki, Fortaleza. Wote tulikuwa Ivory Coast. Sare tu iliwatosha Drogba na Yaya Touré kuingia 16 bora. Ugiriki walikuwa wamepoteza wawili kwa majeraha ndani ya dakika ishirini na tano, na bado Andreas Samaris akafunga kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili kamera ilimkaribia Karagounis, jasho limelowesha ndevu, na mtu nyuma yangu akapiga kelele: "Mzee, nenda kacheze na wajukuu!" Tukacheka. Haikupita muda mzee akaachia kombora kutoka mbali, likagonga mwamba wa juu, na kibanda kizima kikasema "Aaah!" kwa sauti ya watu waliomeza kicheko chao. Wilfried Bony akasawazisha, tukarukaruka. Dakika ya 78 Karagounis akatolewa, akaingia mshambuliaji Theofanis Gekas. Dakika za majeruhi ikatolewa penalti, Samaras akafunga, 2-1, na tulitoka nje kimya, kila mtu anatafuta ndala zake gizani. Hata usiku ule, bao la kuwavusha liliingia yeye akiwa kwenye benchi.

Siku tano baadaye, Recife, mambo yaligeuka juu chini. Mpinzani alikuwa Costa Rica. Bryan Ruiz, aliyekuwa mwenzake Fulham, alifunga dakika ya 52. Dakika ya 66 Óscar Duarte alitolewa kwa kadi nyekundu, na kuanzia hapo Ugiriki, mabingwa wa kujihami, wakawa ndio wenye mpira, na mbele yao watu kumi wamejifungia ndani. Wacosta Rica ndio waliokuwa wanaanguka. Wao ndio waliokuwa wanavuta soksi, na Joel Campbell, aliyetoka kucheza msimu mzima Olympiacos, ndiye aliyebaki peke yake mbele akiushika mpira ili wenzake wapumue. Nilimtazama Karagounis akikimbia kwenda kuokota mpira uliotoka ili urushwe haraka. Nadhani hakuna mtu uwanjani aliyeielewa michezo ile ya Wacosta Rica kuliko yeye, na hakuwa na dawa yake. Maisha yake yote alikuwa upande wa pili. Papastathopoulos alisawazisha dakika ya 91. Nusu saa ya nyongeza Keylor Navas alikataa kila kitu.

Safari hii Karagounis hakuwa na kadi wala hakutolewa. Alicheza dakika zote 120, mechi ya 139, ya mwisho. Kwenye penalti Ugiriki walianza na Mitroglou, Christodoulopoulos na Holebas, wote wakafunga. Navas akaupangua wa Gekas. Michael Umaña akaweka wavuni wa tano wa Costa Rica, na zamu ya mpigaji wa tano wa Ugiriki haikufika.